Maji Yakimwagika, Nani Huyazoa?

Hesabu ya maji ya umwagiliaji katika nyanda kavu

Upande wa kaskazini-mashariki wa uwanda wa Usangu, mahali paitwapo Ng'iriama, pana mwamba uliolala chini ya mto kama kizingiti cha mlango. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kwa mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha yenyewe hukusanyika kwanza katika kinamasi cha Ihefu kabla ya kuuvuka mwamba huo. Uso wa kinamasi ukiwa juu ya mwamba, mto hutiririka. Ukishuka chini yake, hata kwa upana wa kidole kimoja, mto hukoma.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo, Ruaha Mkuu, umekuwa ukikoma kutiririka karibu kila kiangazi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha viboko hujazana ndani ya madimbwi machache yaliyosalia. Mbele zaidi mto huo huo huelekea katika mabwawa ya umeme ya Mtera, yenye mitambo ya megawati 80, na Kidatu, yenye megawati 204. Haishangazi, basi, kwamba swali la nani aliyeyanywa maji ya Ruaha liliulizwa kwa sauti kubwa. Wengine waliwanyooshea kidole wakulima wa mpunga, wengine wafugaji, wengine wakataji wa misitu ya milimani, na wengine waendeshaji wa mabwawa. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao. Mto uliendelea kukauka.

Katika makala hii tutajaribu kumpa mwalimu na mwanafunzi chombo cha kulipimia swali hilo na mengine ya jinsi yake, nacho ni hesabu ya maji. Kama mweka hazina anavyoandika mapato na matumizi, ndivyo nasi tutakavyoandika maji yanayoingia shambani na njia yanayotokea. Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Ugumu wake ni kujua kila tone liandikwe katika safu ipi.

Jua hunywa kiasi gani?

Tuanze na jua, kwa maana ndilo mnywaji mkuu. Ili gramu moja ya maji igeuke mvuke, inahitaji nishati ya juli 2,450 hivi. Kwa hiyo lita moja inahitaji juli milioni 2.45, yaani megajuli 2.45. Katika nyanda zetu kavu, siku ya kiangazi isiyo na mawingu, kila meta ya mraba ya ardhi hupokea kutoka kwa jua megajuli 22 hivi. Kama nishati yote hiyo ingetumika kuvukiza maji, lita 9 zingetoweka katika kila meta ya mraba, na hayo ni maji ya kina cha milimita 9. Kwa kweli si nishati yote itumikayo hivyo. Sehemu yake hurudishwa angani na uso wa ardhi, na sehemu nyingine hupasha joto udongo na hewa. Inayobaki hutosha kuvukiza milimita 5 hadi 7 kwa siku.

Mtu aweza kudhani kwamba milimita 5 ni kitu kidogo. Lakini milimita moja ya maji ikienea juu ya hekta moja ni lita 10,000. Milimita 5 ni lita 50,000, sawa na debe 2,500 za lita ishirini ishirini. Hicho ndicho kiasi ambacho jua laweza kunywa kila siku katika hekta moja ya shamba lililolowa. Kwa msimu wa siku 100 tunapata meta za ujazo 5,000.

Katika uwanda wa Usangu mvua ya mwaka ni kiasi cha milimita 700, ilhali uwezo wa jua wa kuvukiza maji ni kiasi cha milimita 1,900. Kwa lugha ya mweka hazina, matumizi yanayodaiwa ni karibu mara tatu ya mapato. Milimani, mwendo mfupi tu kuelekea kusini, hali ni kinyume: mvua hufikia milimita 1,500 na zaidi, na ziada hiyo ndiyo inayoshuka kwa mito. Tuonapo mpunga umestawi katika nchi kavu, tuelewe kwamba unaishi kwa akiba iliyowekwa milimani. Akiba ina kiasi chake, na kila aliye bondeni ana haki ya kuuliza inavyotumiwa.

Mlango mmoja, bidhaa mbili

Kwa nini mmea uhitaji maji mengi kiasi hicho? Maji yanayobaki mwilini mwa mmea ni machache sana yakilinganishwa na yanayopita ndani yake. Sababu imo katika jani.

Uso wa jani una vitundu vidogo sana viitwavyo stomata, ambavyo hufunguka na kufumba. Kupitia vitundu hivyo mmea hupokea hewa ya ukaa, ambayo kwa msaada wa nuru ya jua hutengenezwa kuwa sukari na wanga. Kazi hiyo huitwa usanisinuru. Lakini hewa ya ukaa ni haba: katika kila sehemu 10,000 za hewa, ni kiasi cha sehemu 4 tu. Mvuke wa maji, kwa upande wake, ni mwingi ndani ya jani. Jani likiwa na joto la nyuzi 30 za Selsiasi, hewa iliyomo ndani yake ina mvuke wa kiasi cha sehemu 4 katika kila 100. Nje, katika hewa kavu yenye unyevu wa asilimia 30, mvuke hauzidi sehemu moja na robo katika 100.

Sasa tazama biashara hiyo. Mlango ni mmoja. Hewa ya ukaa huingia ikisukumwa na tofauti ndogo mno, na mvuke hutoka ukisukumwa na tofauti kubwa sana. Mmea ukifungua mlango ili uingize molekuli moja ya hewa ya ukaa, mamia ya molekuli za maji hutoroka. Ukiufunga ili kuokoa maji, unajinyima chakula. Kutokana na jambo hili moja tunapata mafundisho matatu.

Kwanza, hakuna mavuno bila jasho la mmea. Mholanzi C. T. de Wit alionyesha mwaka 1958 kwamba, katika nchi kavu zenye jua jingi, uzito wa mazao huongezeka sambamba na maji yanayotoka majanini. Atakayeahidi mavuno makubwa yasiyotumia maji anapingana na maumbile ya jani.

Pili, jasho hilo ni ghali zaidi hewa inapokuwa kavu. Kilo moja ya nafaka iliyolimwa wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, hugharimu maji machache kuliko kilo hiyo hiyo iliyolimwa katika upepo mkavu wa Oktoba.

Tatu, mimea hutofautiana. Mnamo miaka ya 1910 Wamarekani wawili, Lyman Briggs na Homer Shantz, walipanda mimea ya aina nyingi katika vyombo vilivyofunikwa, huko Akron katika jimbo la Colorado, wakapima maji yaliyotumika hadi mavuno. Waliona kwamba ili kujenga kilo moja ya mmea mkavu (majani, shina na punje pamoja), mtama ulihitaji lita 320 hivi, mahindi 370, ngano 510, na mpunga kiasi cha 700. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilitakiwa kurudia jaribio la namna hiyo, na kwa miezi minne, asubuhi na jioni, nilipima uzito wa vyungu vya mtama na ngano. Kazi ile ilichosha mgongo, lakini ilinithibitishia kwa macho kwamba chungu cha ngano hupungua upesi zaidi.

Sababu ya tofauti hiyo ilifafanuliwa mwaka 1966, pale watafiti Hatch na Slack wa Australia walipoeleza njia ya pekee inayotumiwa na mimea kama miwa, mahindi na mtama kushika hewa ya ukaa. Mimea hiyo ina mfano wa pampu ya kikemia inayoikusanya hewa hiyo hata ikiwa haba ndani ya jani, na kwa hiyo hupata chakula kingi zaidi kwa kila tone litokalo. Mpunga na ngano hazina pampu hiyo. Babu zetu waliopanda mtama na uwele katika nchi kavu hawakuijua kemia yake, ila walikwisha kuiona faida yake.

Njia nne za kutoka shambani

Maji yakiisha kuingia shambani, yana njia nne za kutoka.

1. Hutoka kama jasho la mmea kupitia majani. Hii ndiyo njia izaayo mavuno.

2. Huvukizwa moja kwa moja kutoka udongo uliolowa, maji yaliyotuama na mifereji iliyo wazi. Maji haya hayamfaidii mkulima yeyote wa bonde lile.

3. Huzama chini kupita mizizi, na kuingia katika maji ya ardhini.

4. Hutiririka ukingoni mwa shamba na kuingia katika mtaro wa kutolea maji.

Wahandisi wa zamani walizihesabu njia ya pili, ya tatu na ya nne kuwa hasara. Walipima maji yaliyoingia katika mfereji, wakapima yaliyotumiwa na mmea, na tofauti wakaiita upotevu. Nami nilifundishwa hivyo.

Niliporudi nyumbani na shahada yangu mpya, moja ya kazi za kwanza nilizopewa ilikuwa kupima ufanisi wa mfereji mmoja wa wakulima wa mpunga. Nilikuta kwamba theluthi moja tu ya maji yaliyochotwa mtoni iliishia katika majani ya mpunga. Niliandika taarifa kali: theluthi mbili za maji zinapotea; mifereji na isakafiwe kwa saruji. Nilipoisoma mbele ya kamati ya mfereji, mzee mmoja hakubishana nami. Aliniomba tu tutembee. Tulitembea hadi chini ya shamba la mwisho, ambako maji niliyoyaita yamepotea yalikuwa yakitiririka katika mtaro. Tukaufuata mtaro. Baada ya nusu saa tulifika penye majaruba ya kijiji kingine, mpunga wake umesimama kijani kibichi, na mtaro ule ndio uliokuwa mfereji wao. Kama saruji yangu ingejengwa, kijiji cha juu kingepanua mashamba yake, na kijiji cha chini kingebaki na vumbi. Taarifa ile niliiandika upya.

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Katika bonde la mto methali hiyo ni kweli kwa njia ya pili tu. Maji yaliyogeuka mvuke hayazoleki. Yaliyozama na yaliyotiririka mara nyingi huzolewa na mtu mwingine, kwenye kisima au shamba la chini. Huenda hata yakazolewa na samaki wa kinamasi. Kabla ya kuandika neno "hasara" katika daftari, ni lazima tuyafuate maji kwa miguu na kuona yanakoishia. Hasara ya kweli ni ile iliyopanda angani bila kupitia jani, pamoja na ile iliyozama mahali ambapo hakuna awezaye kuifikia au iliyoingia katika maji ya chumvi.

Tone lenye thamani kubwa

Kama jasho la mmea haliepukiki, je, tija yaweza kuongezwa wapi? Jibu ni kwamba nafasi ingali kubwa. Mwaka 2004 watafiti Zwart na Bastiaanssen walikusanya vipimo vya nchi nyingi vya mavuno kwa kila meta ya ujazo ya maji iliyogeuka mvuke shambani, kwa njia ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Wastani wa mahindi ulikuwa kilo 1.8, na wa ngano na mpunga kilo 1.09. Lakini katika zao lile lile, mashamba bora yalizalisha zaidi ya maradufu ya mashamba duni. Wakulima wawili wenye mbegu moja na jua moja waweza kutofautiana kiasi hicho kwa sababu ya mambo ya kawaida kabisa.

La kwanza ni kuziba njia ya pili. Udongo uliofunikwa kwa mabua au majani makavu huvukiza maji machache kuliko ulio wazi. Mimea iliyopandwa mapema kwa nafasi zifaazo hufunika ardhi upesi kwa kivuli chake. Palizi nayo ni sehemu ya elimu ya maji, kwa kuwa magugu hutoa jasho kama mazao, ila hayatupi punje.

La pili ni rutuba. Mmea wenye njaa ya naitrojeni hauwezi kuitumia vizuri hewa ya ukaa uliyokwisha kuilipia kwa maji. Mbolea kidogo shambani mara nyingi huongeza mavuno kuliko mfereji mpya.

La tatu ni wakati. Chapisho la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) la mwaka 1979 lilieleza jambo hilo kwa tarakimu. Mahindi yakipungukiwa asilimia 10 ya maji yanayoyahitaji wakati yanapotoa mbelewele na ndevu, mavuno hupungua kwa asilimia 15. Upungufu huo huo ukitokea wakati wa kukua kwa majani, mavuno hupungua kwa asilimia 4. Ukitokea wakati wa kukomaa, kwa asilimia 2 tu. Mkulima mwenye maji ya kumwagilia mara moja tu ayaweke hadi mbelewele zichomoze.

La nne lahusu mpunga. Kwa desturi jaruba la mpunga huachwa limejaa maji tangu kupandikiza hadi karibu na kuvuna. Mpunga haudai kuogelea. Huvumilia tu pale ambapo magugu mengi hayavumilii. Huko Bukini, mnamo miaka ya 1980, padri Henri de Laulanié aliendeleza pamoja na wakulima mbinu ambayo hapa Tanzania huitwa kilimo shadidi cha mpunga. Miche hupandikizwa ikiwa michanga, ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimeta 25 kwa 25 hivi, na jaruba hulowanishwa na kukaushwa kwa zamu. Hewa huingia katika udongo, mizizi hushika, na machipukizi huongezeka. Mbinu hii ilianza kujaribiwa Mwea, nchini Kenya, mwaka 2009, na Mkindo, mkoani Morogoro, katika miaka iliyofuata. Wakulima wengi waliifurahia, ingawa huwadai palizi zaidi.

Hata hapa tusisahau daftari letu. Jaruba linalokaushwa kwa zamu huingiza maji machache sana kuliko lililojaa. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo yaliyookolewa ni ile ambayo ingezama au kutiririka. Kwa mkulima wa mwisho wa mfereji asiyefikiwa na zamu, au anayelipia dizeli ya pampu, uokoaji huo ni mkubwa. Kwa bonde zima ni mdogo kuliko unavyoonekana, isipokuwa pale ambapo maji hayo yangevukizwa au kuharibika baadaye.

Daftari la Usangu

Sasa turudi Ng'iriama. Kati ya miaka ya 1999 na 2001, na tena katika miaka iliyofuata, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipima mito, mifereji na mashamba ya Usangu. Waliona kwamba eneo la mpunga hubadilika kwa kadiri ya mvua, tangu hekta 20,000 hivi katika mwaka mkavu hadi kufikia hekta 40,000 katika mwaka mzuri. Mpunga huo karibu wote hulimwa wakati wa mvua, mito ikiwa imefurika. Wakati huo maji huwatosha wengi, na mabwawa ya Mtera na Kidatu nayo hupata sehemu yao kubwa katika majira hayo hayo ya mafuriko.

Mkasa huanza mvua zikiisha. Kiangazi mito ya Usangu huwa imebaki midogo, lakini mabanio mengi huendelea kuwa wazi. Maji huingia katika mifereji mirefu kwa ajili ya bustani chache na matumizi ya nyumbani, ambayo ni haja za halali kabisa. Lakini ili ndoo chache zimfikie mama aliye mwisho wa mfereji, mto mzima hulazimika kusafiri kilomita nyingi juu ya udongo mkavu, na maji mengi huenea juu ya mashamba yasiyo na zao. Hapo njia ya pili hutawala. Maji huvukizwa wala hayana jani yaliyolipitia. Meta moja ya ujazo itumiwayo hivyo mwezi wa Oktoba huzalisha kidogo sana, na ndiyo hasa ambayo mto uliihitaji.

Mabanio yenyewe yana fundisho. Banio la jadi lilijengwa kwa mawe, miti, nyasi na udongo. Lilivuja, na mafuriko yaliweza kulibomoa. Wataalamu walilihesabu kuwa duni, na katika miradi mingi likabadilishwa kwa banio la zege lenye lango la chuma. Banio jipya halivuji. Mkulima wa juu akifungua lango lake kiangazi aweza kuuchukua mto wote, jambo ambalo banio la mawe halikumruhusu. Kuvuja kule kulikuwa mgao wa watu wa chini, ingawa hakuna aliyeuandika. Lango la zege laweza kuwa jema vilevile, lakini hapo kanuni ya kugawana yapaswa kuandikwa na kusimamiwa na watu, kwa kuwa mawe hayapo tena ya kuisimamia.

Halafu kuna kinamasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kwamba ili meta za ujazo 0.5 kwa sekunde ziuvuke mwamba wa Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima kiasi cha meta za ujazo 7 kwa sekunde ziingie katika kinamasi. Hiyo ilikuwa karibu maradufu ya maji yaliyokuwa yakiingia kiangazi katika miaka ya karibu na utafiti huo. Tofauti kati ya 7 na 0.5 hunywewa na jua na matete. Mwanafunzi aihakikishe mwenyewe. Meta za ujazo 6.5 kwa sekunde, zikizidishwa kwa sekunde 86,400 za siku, ni meta za ujazo 561,600. Tukichukua kwamba jua hunywa milimita 6.5 kwa siku, kila kilomita ya mraba huvukiza meta za ujazo 6,500. Tukigawanya, twapata kilomita za mraba 86 hivi za kinamasi. Ndiyo kusema hakuna haja ya kumtafuta mwizi kwa kila tone. Kinamasi nacho ni mnywaji, na kinywaji chake hulisha samaki, ndege na malisho.

Hivyo daftari halimwachi mtu yeyote nje ya hesabu, wala halimtwishi mmoja mzigo wote. Linaonyesha kwamba mpunga wa masika una kosa dogo kuliko lililosemwa, na kwamba mfereji ulioachwa wazi kiangazi una kosa kubwa kuliko lilivyoonekana. Wahukumu wasipokuwa na daftari, huondolewa watu, na mto hubaki mkavu.

Chumvi, deni lisilosahaulika

Kuna safu moja zaidi katika daftari. Maji ya mto yana chumvi kidogo, lakini jani na jua huchukua maji matupu na kuiacha chumvi shambani. Tuseme kila lita ya maji ina nusu gramu ya chumvi, kiasi ambacho ulimi hautambui. Mkulima akimwagilia milimita 1,000 kwa msimu, ameingiza meta za ujazo 10,000 katika hekta moja. Zidisha: ameingiza tani 5 za chumvi. Isipoondolewa na mvua au kwa maji ya ziada yanayozama na kupita chini ya mizizi, baada ya miaka michache ardhi huwa nyeupe na mmea hukauka penye maji. Nyanda za chini kusini mwa Moshi zina maeneo yaliyopatwa na madhara hayo. Ndiyo maana shamba lisilozamisha maji hata tone moja si shamba bora, na ndiyo maana mtaro wa kutolea maji una thamani sawa na mfereji wa kuyaingizia.

Kazi kwa shule

Jaribio la kwanza. Chukueni makopo matatu yaliyo sawa, yasiyo na matundu, na muyajaze udongo wenye unyevu uleule. La kwanza lipandwe mche wa mahindi, na udongo wake ufunikwe kwa karatasi ya plastiki kuuzunguka mche. La pili liwe udongo mtupu. La tatu liwe udongo mtupu uliofunikwa kwa majani makavu. Pimeni uzito wa kila kopo asubuhi na jioni kwa siku saba. Kila gramu inayopungua ni sentimeta moja ya ujazo ya maji. Kopo la kwanza litawaonyesha njia ya kwanza. La pili litawaonyesha njia ya pili. La tatu litawaonyesha jinsi njia ya pili inavyozibwa.

Jaribio la pili ni mchezo ambao watafiti waliucheza na wakulima wa Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tengenezeni ubao mrefu wenye mteremko, na katikati yake mfano wa mto. Pembeni chongeni mifereji inayoelekea katika vishimo, ambavyo ni mashamba. Gololi ndizo maji. Kila kikundi cha wanafunzi kiwe kijiji kimoja, chenye vijiti vya kuwa banio. Mwageni gololi kutoka juu, kwanza nyingi kama masika, kisha chache kama kiangazi. Kwa kawaida kijiji cha juu hujaza vishimo vyake na kubaki na gololi za ziada, na kijiji cha chini hukosa hata moja. Kisha mwalimu awaache wanafunzi wajadiliane na kutunga zamu yao wenyewe, na mchezo urudiwe. Hesabuni gololi zilizofika mwisho wa ubao katika mara zote mbili, kwa kuwa hizo ndizo maji ya Ng'iriama.

Wengi wa wanafunzi watakaolicheza jaribio hilo watakuja kukaa katika kamati za mifereji na jumuiya za watumia maji, na wengine watakuwa wahandisi wenye mamlaka ya kuamua mahali pa kumwaga saruji. Siku watakapoletewa taarifa isemayo kwamba maji ya mahali fulani yanapotea, waulize kwanza yanapotelea wapi, na ni nani anayeishi huko. Kisha wavae viatu, wautafute mtaro, na waufuate.